Msemaji wa Posa Anahesabu Vidole

Jumatatu, 7 Juni 1999

Ushindi! Mimi, Wellars, ndiye nitakayesema kwenye posa ya Kagabo. Si Donat. Mimi!

Niandike ilivyokuwa, maana jambo zuri likikaa kichwani tu linachacha. Kagabo, mdogo wangu wa tumbo moja, anamposa Belise wa Nyakiriba. Jumamosi ya wiki ijayo ukoo mzima unapanda kule kumwomba. Kila mtu alijua msemaji atakuwa Donat, kaka wa mke wangu. Tangu vita viishe na barabara ya Kanama itulie watu wanaoana kama waliofunguliwa mlango, na Donat amesema kwenye posa kumi na moja. Ana kofia. Ana fimbo. Ana Kinyarwanda cha wafugaji wa Masisi, kila neno lina ng'ombe ndani yake. Akisema, mabibi wanafuta machozi. Nikisema mimi, mabibi wanaulizana huyu katoka wapi.

Nimetoka Karagwe! Nimezaliwa Tanzania, nimesoma Tanzania, na Kinyarwanda changu kinachechemea. Kosa langu? Kiswahili changu ni safi kuliko cha mtu yeyote Gisenyi. Lakini huko Nyakiriba hakuna anayepewa mke kwa Kiswahili.

Mbinu ilikuwa nyepesi. Kagabo nilimwambia Donat ana kidonda cha koo, daktari amemkataza kusema. Donat nilimwambia wakwe wanataka ndugu wa damu. Wote wawili wakanipa pole. Kazi kwisha.

Tatizo moja tu. Sasa lazima niseme.

Jumatano, 9 Juni

Nimefanya mazoezi chooni. Mabinti wa jirani walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nimefanya mazoezi kando ya ziwa. Wafua nguo wakanipigia makofi, si kwa wema.

Jioni Vénantie, mke wangu, alikaa akanieleza mambo ya posa tangu mwanzo mpaka mwisho. Sisi wenyewe hatukuwa na sherehe. Tulioana mwaka wa tisini na tano mbele ya karani wa serikali pale komini, watu watatu, wote tumechoka. Kwa hiyo ameona nina pengo. Alisema mengi kuhusu wenyeji, jinsi wanavyofanya, jinsi wanavyosema, na jinsi ya kuwajibu. Aliongea muda mrefu sana. Nilikuwa nafikiria kofia. Donat ana ya kahawia. Je, mimi nivae nyeusi?

Halafu nikampata mwokozi! Mwalimu Valentin, mpangaji wa chumba cha nyuma, karudi kutoka Bukavu na sanduku moja la nguo na mawili ya magazeti. Ana jarida la Kifaransa lenye makala kuhusu ndoto. Eti mtu anaweza kujifunza kujua kwamba anaota, akiwa bado anaota. Akishajua, anafanya atakalo. Anaruka. Anaita watu. Anafanya mazoezi ya jambo lolote na hakuna jirani wa kumcheka!

Nilimwambia arudie hilo la jirani. Akarudia. Nikaagiza bia mbili.

Ijumaa, 11 Juni

Sheria za Valentin. Mara kumi kwa siku jiulize: naota? Kisha pima. Hesabu vidole, maana ndotoni vinazidi au vinapungua. Soma maandishi, geuka, soma tena. Ndotoni yanabadilika. Bana pua na ujaribu kuvuta hewa. Ndotoni inapita. Na angalia mambo yasiyoingia akilini, kama watu unaowajua wakikuambia hawakujui. Ukizoea kupima mchana, usiku mkono utapima wenyewe.

Nimeanza kwa bidii. Nimehesabu vidole ofisini, nikiwa najaza fomu za forodha za mteja. Kumi. Nimehesabu kwenye kizuizi cha mpakani. Askari akauliza namwonyesha nani ishara upande wa Goma. Nikamwambia nahesabu vidole. Akauliza kwani jana vilikuwa vingapi. Nilikaa kwenye benchi lake saa nzima.

Vénantie alinikuta pale, anarudi kutoka kuuza Goma na ndoo zake tupu. Alimwambia askari bwanake iko muzima, ni vile tu kichwa yake inatembea mbele ya miguu. Askari akaniachia kwa huruma. Sikupenda ile huruma.

Jumapili, 13 Juni

Balaa la kanisani. Kwaya ilipita katikati ya viti, mbele yao Mukamazimpaka, mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta. Nikakumbuka: naota? Nikabana pua. Sikuwa naota. Nikajaribu tena, kwa uhakika. Mukamazimpaka akaniona, amesimama hatua moja kutoka kwangu, kwapa limeinuliwa kwa ajili ya wimbo.

Baada ya ibada Vénantie alinifahamisha, meno yamebana, kwamba Mukamazimpaka ni shangazi wa Belise. Shangazi wa damu. Na kwamba habari imeshapanda gari la Nyakiriba: musemaji wa wakwe anabana pua akiona ukoo wetu.

Nimejitetea kwamba ni sayansi. Ameniuliza sayansi ndiyo itamupa Kagabo bibi? Kisha akalala akinipa mgongo.

Jumanne, 15 Juni

NIMEOTA! Nimeota na NIMEJUA NAOTA!

Niandike kabla haijapotea. Ilikuwa ofisini baada ya chakula cha mchana. Bosi katoka. Nikaweka kichwa juu ya fomu. Mara niko sokoni Kanama nanunua viazi. Muuzaji anavipima kwa futi ya fundi cherehani. Nataka meta tatu. Najadiliana naye bei ya meta, kwa utulivu kabisa, kama mtu mwenye akili. Nikatoa mkono kuvipokea. Vidole saba. Nikahesabu upya. Vinane, na kimoja kina pete ya mtu mwingine.

Nikasema kwa sauti: Wellars, unaota.

Mama yangu! Kila kitu kikawaka. Niliona udongo kwenye kila kiazi, punje kwa punje. Niliona nyuzi za shati la muuzaji. Hewa ilikuwa baridi na tamu, nikaivuta na pua nimeibana, na ikapita! Miaka thelathini na tisa ndoto zinaniburuta. Zinanifukuza, zinanivua suruali mbele ya walimu wa Karagwe. Leo nimekuwa bosi wao. Nililia, sioni aibu kuandika. Nililia kwa furaha katikati ya viazi.

Nikaruka. Si juu sana, nilikuwa nagonga miavuli ya wauzaji. Nikaagiza ziwa lije, likaja. Nikaagiza posa. Ikaja! Mabenchi, migomba mlangoni, Mzee Habineza, mjomba wa Belise, ambaye ndiye atakuwa msemaji wao. Nikafungua kinywa na Kinyarwanda kikatoka kama maziwa. Methali! Majigambo! Ng'ombe wakaja wenyewe kusikiliza. Mzee Habineza akatokwa machozi akasema chukua binti, chukua na dada zake. Donat alikuwa nyuma amenishikia kiti.

Kisha bosi akagonga meza. Nina alama ya mhuri kwenye shavu, bado inasomeka.

Hotuba bora kuliko zote duniani, na nimeisema mimi! Nakumbuka neno lolote? Nakumbuka maneno matatu. "Na nyinyi pia."

Alhamisi, 17 Juni

Siku mbili nasaka ile hotuba. Nimelala ofisini mara nne, bosi ananiuliza kama nina malale. Mara ya kwanza niliota naota, sikupata kitu. Mara ya pili nikajua naota, nikashangilia, nikaamka kwa zile shangwe. Mara ya tatu niliishika! Nilikuwa mjanja, nikaiandika yote kwenye kiganja, ndani ya ndoto, kwa herufi ndogo. Nikaamka. Kiganja cheupe. Mara ya nne niliota ndizi tu.

Basi nimekubali hotuba ya kawaida. Valentin kaniandikia leo, Kinyarwanda cha Bukavu lakini kina heshima. Karatasi tuliiokota jikoni.

Mzee Habineza mwenyewe alikuja ofisini jana kwa fomu za mbao zake. Alikaa nusu siku, tukanywa chai, tukacheka. Akaazima kalamu yangu ya wino akaondoka nayo. Mtu mwema. Posa itakuwa maji.

Ijumaa, 18 Juni

Donat kaja. Hakuna kidonda cha koo wala nini, anasema kama redio. Uongo wangu haukufika kwake, au umefika kaumeza. Alikaa akasema, donc, basi shemeji, yeye hana neno, posa ni ya Kagabo, na amekuja kunisaidia kwa kitu kimoja tu. Kesho wakikukatala, ucheke. Wakikukatala mara mbili, ucheke zaidi.

Nicheke! Mbele ya wazee! Ninaujua mtego nikiuona. Anataka niitwe mjinga ili arudishiwe kiti chake. Nikamshukuru kwa ubaridi.

Kagabo kaja baada yake. Hakukaa. Alisema kamngoja Belise miaka miwili, tangu barabara ilipokuwa haipitiki na barua inachukua mwezi. Alisema kaka, nakuomba, kesho usifanye jambo lolote. Sema tu, kisha kaa chini. Nikamwambia alale salama, ana kaka. Alipoondoka nilijisikia vibaya kidogo, sijui kwa nini.

Nina mafua pia. Yamekuja wakati gani haya!

Jumamosi, 19 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianzie mwanzo.

Tulishuka barabarani, tukapanda kwa miguu, ukoo mzima, viatu vyekundu kwa vumbi. Nyumbani kwa Belise mabenchi yametazamana, sisi huku, wao kule. Katikati kibuyu cha maziwa cha heshima. Kofia yangu nyeusi ilikuwa inabana.

Mzee Habineza akasimama. Nikamtabasamia kama rafiki. Akauliza watu wale ni akina nani.

Nikasema ni mimi, Wellars. Akasema hajawahi kuniona maishani. Nikamkumbusha: Jumatano, chai, kalamu yangu. Akasema hanywi chai. Kalamu iko mfukoni mwake, naiona! Akasema aliona viatu vyetu vina vumbi, akadhani sisi ni wanunuzi wa viazi tuliopotea njia, na kama ni hivyo mizani iko nyuma ya nyumba. Watu wao wakacheka. Watu wetu wakacheka. Mimi nikasikia baridi mgongoni.

Nikasema tumekuja kumwomba Belise. Akageuka akawauliza watu wake: kuna Belise hapa? Wote, watu sitini, wakasema hawajasikia jina hilo. Mukamazimpaka akainuka akasema Belise pekee aliyemjua alikuwa mbuzi, alikufa Pasaka. Shangazi wa damu! Kisha mlango ukafunguka, akaletwa mtu kafunikwa kanga kuanzia kichwani, wakauliza ndiye huyu? Wakafunua. Bibi kizee asiye na jino hata moja, anacheza!

Jamani. Ukoo mzima umsahau binti yake kwa siku moja? Mtu niliyekunywa naye chai asinijue? Nikashika karatasi yangu nijitulize. Nikasoma: Waheshimiwa wazazi. Nikamtazama bibi, bado anacheza. Nikarudi kwenye karatasi. Imeandikwa: viazi kilo tisini, maharage ndoo mbili, sabuni.

Maandishi yamebadilika!

Hofu yote ikanitoka. Nilitaka kumbusu kila mtu. Kumbe! Naota! Bado niko kitandani, posa yenyewe haijafika, na hapa ndipo mahali pangu pa mazoezi. Nikavua kofia nikaitupa kwenye migomba.

Nilimwambia Mzee Habineza akae chini, asijione mtu, yeye ni maharage niliyokula jana. Nilimwambia Mukamazimpaka ageuke awe huyo mbuzi. Hakugeuka, nikamwambia ajitahidi. Kinyarwanda kilitiririka! Vénantie baadaye kasema kilikuwa Kiswahili kitupu, na watu wote walikielewa, ndiyo mabaya zaidi. Donat akanishika mkono akaninong'oneza, shemeji, ucheke, ucheke sasa. Nikamwambia huyu nitamfuta wa kwanza.

Mzee Habineza alikuwa hacheki tena. Akasema kwa maneno hayo hawana binti wa kutupa. Nikamjibu abaki naye. Potelea mbali! Nitaumba mwingine, mrefu zaidi.

Nikapanda juu ya benchi, nikakunja magoti, nikaruka.

Sikuruka.

Niliangukia kibuyu. Maziwa yote yakamwagika, yakaenda mpaka kwenye miguu ya wazee, na hakuna aliyesogeza mguu. Goti liliniuma sana. Kwenye ile makala hakuna neno kuhusu maumivu. Nikainua kichwa nikamwona Kagabo. Kasimama na tai yake, mikono inaning'inia, machozi yanateremka na hayafuti. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia mlango wa nyumba, Belise alipokuwa.

Sitaki kuandika juu ya uso ule.

Donat akavaa kofia yake. Akasimama, akaomba ruhusa, akasema karibu saa nzima. Alisema ukoo wetu hauna kificho, hata mgonjwa wake unamleta mbele ya wakwe ili wasije wakasema hatukuwaambia. Mtu mmoja akacheka. Kisha kumi. Mwisho hata bibi asiye na meno alikuwa anafuta machozi. Wazee wakaenda nyuma ya nyumba, wakarudi na uamuzi. Faini kreti nne, Donat akazitoa hapo hapo. Na jambo moja lisilolipika kwa bia: maziwa yamemwagwa na ukoo umetukanwa, kwa hiyo aliyefanya aombe radhi kwa mdomo wake. Radhi haipokelewi siku ya tusi lenyewe, kwa hiyo watanifuata nyumbani kesho, kwa kuwa goti haliwezi kupanda tena. Nikiomba radhi, Kagabo anapewa Belise. Nisipoomba, hakuna Belise, leo wala kesho.

Kagabo alinibeba mgongoni mpaka barabarani.

Jumapili, 20 Juni

Sikulala. Au nililala? Ndilo swali.

Vénantie amekaa kitandani asubuhi akanieleza polepole, kama anavyomfundisha mtoto wetu Gatesi kuhesabu mpaka kumi. Papa Gatesi, karatasi iko na pande mbili. Upande mumoja musemo wako. Upande mwingine vitu vyangu vya kupeleka Goma. Uligeuza. Na wenyeji kila posa wanakatala, ni mchezo, nilikuambia Jumatano ile ya kwanza, saa nzima nilikuambia. Kisha akanishika mkono. Akasema omba tu radhi, ni maneno mawili, Kagabo apate bibi yake.

Alinigusa moyo, kweli. Nikakaribia kuona aibu. Aibu ilikuwa inapanda kutoka gotini, naisikia, na uso wa Kagabo uko mbele yangu kila nikifumba macho. Nikasema, nitasema hayo maneno mawili, basi, yaishe.

Ndipo nikaanza kufikiri. Fikiri, Wellars!

Donat, shujaa? Donat kaniokoa mimi? Katoa kreti nne mfukoni mwake, na hakunisimanga hata mara moja? Gisenyi nzima inamsifu, mpaka askari wa mpakani kamtumia salamu? Nani anaweza kuamini hayo? Na mimi, mtu mwenye akili zangu, nimeangukia maziwa mbele ya watu sitini? Haiingii akilini. Na Valentin alisema: jambo lisiloingia akilini, pima.

Nimepima. Vidole kumi. Lakini ndoto nayo inajifunza, inajua nahesabu. Nimebana pua, hewa haikupita. Lakini nina mafua, hata nisipobana haipiti. Kipimo cha mwenye mafua hakihesabiki. Nimesoma ukurasa huu mara mbili, na mara ya pili umenifurahisha zaidi. Umebadilika.

Basi yote yamekaa sawa. Leo si Jumapili. Jumamosi haijafika. Nimelala bado, Kagabo hajalia, maziwa yako kibuyuni, na asubuhi nitaamka nivae kofia nyeusi niwaonyeshe Nyakiriba Kinyarwanda. Nimefurahi mpaka goti limepoa. Na kuomba radhi, kwa nani? Mtu haombi radhi kwa watu anaowaota. Ni kama kuwalipia nauli.

Vénantie kaingia sasa hivi. Kagabo kasimama nyuma yake na tai ile ile. Anasema Mzee Habineza na wazee wanne wamefika, wako sebuleni, wamekataa chai, wanangoja maneno mawili tu. Nimemwambia awape viti vizuri na wasisumbuliwe. Nikiamka wataondoka wenyewe.